Asubuhi Nilikuwa Mzima

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo ameketi kwenye benchi la ofisi fulani, ameoga, amevaa vizuri, amekaa wima, na watu wanamtazama wakijiuliza amefuata nini pale. Mimi nilikuwa huyo. Sasa hali imetulia. Nameza dawa zangu, nalala, nacheka na watoto. Lakini yapo mambo ambayo hakuna aliyeniambia, na kama ningeambiwa mapema labda nisingejichukia kwa muda mrefu hivyo.

Naitwa Felista. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii hapa Mikumi. Kwetu ni Kilosa mjini. Babu alitoka Songea kuja kukata mkonge, akabaki. Kupika nilijifunza kwa mama, ambaye miaka mingi aliuza chakula karibu na stesheni ya reli. Hotelini nilianza kwa kuosha vyombo, nikapanda mpaka nikakabidhiwa jiko la chakula cha jioni. Nilikuwa najivunia kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Ugonjwa ulianzia kwenye kope. Ilikuwa kiangazi. Jioni nikiwa nakaanga samaki, jicho la kushoto likaanza kujifunga lenyewe. Nikadhani ni moshi. Kesho yake asubuhi limefunguka, nikasahau. Jioni likajifunga tena. Baadaye nikaanza kuona vitu viwili viwili. Namimina supu, inaangukia pembeni ya bakuli. Ukafuata ulimi. Asubuhi naongea kama kasuku, lakini wageni wakishaketi kula, maneno yananitoka yamelegea kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Meneja akaniita pembeni, nyuma ya stoo.

"Felista, umekunywa?"

"Sijakunywa, bosi."

Hilo "sijakunywa" lenyewe lilitoka kama la mlevi hasa. Akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma kwa aibu. Hakuwa mtu mbaya. Akasema tu, "Nenda kapumzike." Nilitembea mpaka nyumbani nikijitetea kimoyomoyo kana kwamba kweli nilikunywa. Ugonjwa huu ulinifundisha kujisikia mkosaji kabla sijakosa lolote.

Nyumbani mume wangu, Shabani, ambaye ni fundi pikipiki hapa Mikumi, alikuwa wa kwanza kuona kwamba natafuna nimeshikilia taya kwa mkono. Nyama nilianza kuitema kwenye kiganja. Mwanangu wa pili, Musa, akawa anaigiza: anashika taya, anafumba jicho moja, dada yake anacheka. Shabani akamkaripia. Mimi nikasema mwache. Nilijua anaigiza kwa sababu anaogopa.

Masika yalipoanza, mikono ikakataa. Nikitaka kuchana nywele, mkono unafika kwenye bega unaanguka. Siku moja nikapaliwa na maji ya kunywa, maji matupu, nikakosa pumzi, Shabani akatafuta gari mpaka Morogoro. Kule, baada ya madaktari kadhaa kuniuliza habari za pombe na habari za majini, akaja daktari mmoja kijana. Akajaza barafu kwenye glavu ya mpira, akaniwekea juu ya kope iliyoanguka. Akasubiri. Alipoondoa barafu, jicho likawa wazi. Nikamwona yeye, mmoja tu, akitabasamu.

"Nadhani naujua ugonjwa wako, mama," alisema.

Jina lake ni refu, maiasthenia. Sitaueleza, waliosomea wataeleza. Aliniambia kwa kifupi kwamba kinga ya mwili wangu inaupiga mwili wangu mwenyewe, kwamba misuli yangu inachoka upesi na ikipumzika inarudi, kwamba hauponi lakini unatulizwa. Nililia kwa furaha. Mtu anaambiwa ana ugonjwa usiopona, analia kwa furaha! Lakini niliposikia jina nilijua kwamba silewi, sijarogwa, wala sijitii uvivu.

Nikaanza vidonge. Vya kila baada ya saa chache vilinipa nguvu ya muda. Vile vingine, vya kutuliza kinga, vilinipa uso wa mviringo kama sinia. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, hamu ya kula ikaja na taya hazitaki kutafuna. Nikipita barabarani watu wanasema, "Felista, umenawiri! Mikumi imekukubali." Nasema ahsanteni, naendelea kutembea, nikihesabu miti iliyobaki ambayo naweza kuiegemea kabla ya kufika nyumbani.

Hapo ndipo alipokuja mdogo wangu, Yusta.

Yusta alikuwa akikaa na mama Kilosa, ana cherehani yake sokoni, na alikuwa amechumbiwa. Posa ilishapokelewa. Mchumba wake, Daudi, alikuwa mkulima wa mpunga Magole, kijana mpole, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Mama alimwambia Yusta aje anisaidie wiki mbili, mpaka dawa zikae sawa. Akaja na begi dogo. Zikapita wiki mbili, mvua zikakatika, kiangazi kikaja, na begi lile lilikuwa bado juu ya kabati langu.

Aliniogesha. Alinitwangia chakula changu kwenye kinu. Aliwapeleka watoto shule, na Shabani akirudi amechoka anakuta maji ya kuoga tayari. Mimi nilikuwa nalala chumbani kwangu nikimsikia mtu mwingine akiishi maisha yangu, tena akiyaishi vizuri. Kila alipoingia nilimwambia, "Nisamehe, mdogo wangu." Naye anasema, "Fungua mdomo."

Hoteli walinivumilia kadiri walivyoweza. Mwishoni tuliachana kwa amani. Mhasibu wao ndiye aliyeniambia kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii, ule tuliokuwa tukikatwa kwenye mshahara, una mafao ya ugonjwa na ulemavu kwa mwanachama asiyeweza tena kufanya kazi. Ukikubaliwa, unalipwa na matibabu yanaendelea. "Ila lazima upite kwenye jopo la madaktari," alisema. "Lazima waone."

Neno hilo, waone, ndilo lililonitesa.

Jopo lilikuwa linakutana Kilosa mara moja moja. Ile mara ya kwanza tulikwenda siku moja kabla, mimi na Yusta, kwa ile barabara inayopita kijiji cha Ulaya, tukalala kwa mama. Nikalala usingizi mzito. Asubuhi mama akanipa uji, nikameza dawa, nikavaa gauni la kanisani, kwa sababu sisi tumelelewa kwamba ofisini huendi umechakaa. Tukaketi kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Na kuketi kwenyewe ndiyo dawa yangu. Kila nilivyosubiri ndivyo nguvu zilivyojaa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amemleta baba yake aliyepooza alinitazama kuanzia viatuni hadi kilembani, kisha akamnong'oneza mwenzake. Nilitamani kumwonyesha cheti cha hospitali. Nilitamani hata kuanguka.

Nilipoitwa, daktari aliniambia nisimame, nikae, nishike vidole vyake nibane. Nikabana. Mimi nikiambiwa fanya kitu, nakifanya kwa nguvu zangu zote, ndivyo nilivyo.

"Una nguvu, mama," alisema.

Nikafurahi kama mwanafunzi aliyesifiwa. Yusta, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyefumba macho.

Tulipotoka tukapita sokoni. Jua lilikuwa la utosi. Kabla hatujafika kwa mama, shingo ikaniishia. Kichwa kikaanguka kifuani, nikawa naona viatu vyangu tu, viwili, halafu vinne. Yusta akaweka kiganja chini ya kidevu changu, akakiinua, tukatembea hivyo katikati ya watu, yeye amebeba kichwa changu kama mtu abebaye bakuli lililojaa.

"Turudi," alisema. "Turudi wakuone sasa hivi."

"Sirudi."

"Dada, kwa nini?"

Ulimi ulikuwa umeshalegea, na hata usingekuwa umelegea, nilikuwa naona aibu. Nilishasifiwa kwamba nina nguvu. Nirudi kuomba wanione sina?

Majibu yalikuja baada ya muda kwa simu: hali yangu haijafikia kiwango. Nina haki ya kuomba nipimwe tena. Jirani yetu, Mama Rehema, mwanamke mwenye huruma sana, akanipa ushauri ambao najua wengi wenu mmepewa. "Safari ijayo usimeze dawa. Waache wauone ugonjwa wenyewe, uchi." Nililiweka neno hilo moyoni. Sikulikataa.

Wakati wa vuli, tukiwa bado tunasubiri tarehe ya jopo, mama alipiga simu. Ilikuwa mchana, Yusta ananilisha uji. Aliipokea simu, akaishikilia kwa bega, akasikiliza. Akasema, "Nimesikia, mama." Akasema tena, "Nimesikia." Kisha akaiweka simu chini, akachovya kijiko, akaniletea mdomoni.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Daudi anaoa. Wazazi wake wamechoka kusubiri. Meza."

Nikameza. Sijui nilimezaje. Nilitaka kusema neno na koo likanisaliti, uji ukanipalia, akanipigapiga mgongoni, akaanza kunifuta kidevu. Hata nafasi ya kulia nilimnyima. Alikwenda kuosha bakuli, na nilisikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko bakuli moja linavyohitaji.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Shabani alijaribu kunituliza. "Hukuugua kwa kutaka," alisema. Ni kweli, lakini mtu asipougua kwa kutaka bado anaweza kuangalia unachokula ugonjwa wake. Ulianza kwa kula misuli yangu, ukala kazi yangu, ukamla na Daudi.

Mara ya pili jopo lilipoitwa, tulilala tena kwa mama. Asubuhi nikashika kidonge kiganjani, nikakiangalia. Yusta alikuwa anakunja matandiko.

"Nikisubiri kidogo tu," nilimwambia, "hata kama ni mpaka tutoke kwenye jopo..."

Alinyooka. Sijawahi kumwona na uso ule. "Meza, dada. Nilikuja kukutunza. Sikuja kukusindikiza kaburini ili karani aamini."

Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha maji. Alikinyoosha kwangu. Nikameza. Ningeliandika hili kwa wino mzito kama ningeweza: wewe unayesoma, meza dawa yako. Ukipaliwa barabarani, mafao watapewa waombolezaji.

Safari hii kwenye jopo alikuwepo daktari mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nikamwamkia, akaitikia. Hakunishika mkono wala kuniambia nibane. Aliniuliza, "Mama, wewe huwa unaishiwa wakati gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Jioni, daktari. Au nikifanya kazi mfululizo. Nikipumzika narudi mzima, ndiyo maana watu..."

"Basi leo hutapumzika. Utakuwa wa mwisho. Mdogo wako atakutembeza hapo nje, ukiwa unaongea. Usikae."

Tukatembea kwenye ule ukumbi, kwenda na kurudi, nikimsimulia Yusta namna ya kupika pilau kana kwamba hajui. Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mmoja, mkono wake wa kulia umekatika juu kidogo ya kifundo. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnazunguka kama mnatafuta sindano?"

Nikamweleza. Akacheka vizuri. Alisema mkono wake ulichukuliwa na mashine ya kukoboa mpunga. "Mimi langu linaonekana," alisema, "lako limejificha. Mungu anagawa kwa namna yake." Akaitwa. Alipotoka alisimama mbele yetu akiweka kofia sawa kwa mkono wa kushoto.

"Vipi, mzee?" Yusta akauliza.

"Mkono wameuona," alisema. "Michango ndiyo hawakuiona ya kutosha. Nilikuwa nafanya kazi za vibarua, huku mwezi, kule mwezi." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe nenda, mwanangu. Nenda upate."

Akaondoka. Nikaingia na maneno yake masikioni.

Daktari aliniambia nitazame juu, darini, nisishushe macho. Kisha nihesabu kwa sauti, bila kupumzika, mpaka hamsini. Nilianza vizuri. Nilipoingia kwenye ishirini sauti ikaanza kutokea puani. Kope zikaanza kushuka, dari ikawa mbili, ikawa mstari tu, ikapotea. Thelathini na kitu haikutoka kabisa, ilitoka pumzi. Kichwa kikaanguka.

Na hapo nitawaambia jambo la kweli. Sauti yangu ilipokata, kifuani mwangu kitu kilishangilia. Nilishangilia kwamba nimeshindwa. Mwili wangu ulikuwa unaniacha mbele ya watu, nami nikawa nausukuma, nenda, nenda, waonyeshe. Yusta alinishika kidevu akakiinua, tukatazamana kwa jicho langu lililobaki wazi kidogo, na najua aliiona ile furaha.

"Inatosha," daktari akasema. Alisema taratibu sana. "Inatosha, mama. Nimeona."

Nilikubaliwa. Nitapimwa tena kila baada ya muda, ili waone kama hali imebadilika. Na hilo nalo lina mateso yake: siku nikiamka nina nguvu nyingi, badala ya kumshukuru Mungu, nageuka kuangalia kama kuna anayeniona. Siku moja nilisonga ugali wa familia nzima mwenyewe, asubuhi, nikaimba. Mama Rehema akachungulia uani, akasema, "Kumbe unaweza!" Hakuwa na nia mbaya. Nikaacha mwiko, nikaingia ndani, nikalala ingawa sikuwa nimechoka. Nilijilaza kuthibitisha. Ilinichukua muda kuelewa kwamba asubuhi yangu nzuri sikumwibia mtu. Yule mzee sikumnyang'anya nafasi, ingawa namkumbuka kila mara fedha ikiingia, na sitaki nimsahau. Tulimtafuta kupitia kwa mama, tukaambiwa ameshahamia kwa mwanawe.

Basi dawa zikapunguzwa kidogo kidogo. Uso ukaanza kurudi kuwa wangu. Nikaweza kutafuna nyama laini, nikaweza kujichana. Tukapata binti wa kutusaidia kazi za nyumbani. Kwa hiyo kukaja siku ambayo Yusta alishusha begi lake kutoka juu ya kabati na kuanza kulipangusa vumbi.

Nilimkuta uani anaanua nguo zake. Nikaanza.

"Yusta, nisamehe. Kama si mimi, leo ungekuwa Magole kwako, una mtoto. Nimekuharibia..."

"Dada, nyamaza."

"Hapana, acha niseme. Ni kwa sababu yangu..."

Alilitupa gauni kwenye beseni. "Ndiyo! Ni kwa sababu yako. Unataka nikwambie siyo? Nilimpenda Daudi. Mpaka leo nikisikia mtu anacheka kama yeye nageuka. Nimeumia. Umefurahi sasa?"

Nikashika kamba ya nguo.

"Lakini nilikuja mwenyewe," akasema, sauti imeshuka. "Mama alisema wiki mbili. Zilipoisha hakuna aliyenifunga kamba. Kila asubuhi niliamka nikaona naweza kuondoka, nikabaki. Kwa sababu nilitaka uishi. Hilo ndilo jambo kubwa nililowahi kufanya, dada. Na wewe kila siku unanifanya nionekane kama kitu ulichovunja. Daudi ameshakwenda. Usininyang'anye na hili."

Aliokota gauni, akalikung'uta, akalikunja. Mimi nilisimama pale na maneno yangu yote mdomoni, na safari hii ulimi haukuwa umelegea.

Siku ya kuondoka Shabani alimbebea begi mpaka kituoni. Watoto walimng'ang'ania. Musa, ambaye sasa anajua kusoma, alimsomea kwa sauti maandishi yote ya basi la Kilosa, mbele na ubavuni. Kondakta alianza kupiga bodi la gari, twendeni, twendeni. Yusta akanikumbatia haraka, kama mtu anayeogopa kukaa.

Nikafungua mdomo. Nilihisi "nisamehe" inakuja, kama ilivyokuwa ikija asubuhi na jioni kwa misimu yote ile. Nikaizuia. Nikajaribu kukumbuka kama nimewahi kumpa neno lile jingine, hata mara moja, katikati ya uji na mabeseni na vidonge, na sikukumbuka.

"Asante, Yusta," nikasema. "Asante, mdogo wangu."

Alinitazama, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi.

"Haya," akasema. "Nimepokea."

Akapanda.